Maji Aliyoyakataa Mama Mkwe

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo hata leo nikiikumbuka mwili wote unanisisimka. Nilimpelekea mama mkwe wangu uji chumbani, nikainama nikamwambia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia marahaba. Alinitazama juu mpaka chini kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akaniuliza, "Wewe ni binti wa nani?"

Bakuli lilinitoka mkononi. Mwaka wa nne huo nilikuwa naishi naye nyumba moja, mimi ndiye niliyempikia, niliyemfulia, niliyemtandikia. Nikadhani ananitania, maana zamani alikuwa mtu wa utani sana. Nikamwambia, "Mama, mie Zena, mke wa Salumu." Akatikisa kichwa polepole, akageukia ukutani, akaanza kuzungumza na mumewe, ambaye alikufa kabla mimi sijaolewa.

Acha nikueleze tulivyofika hapo, maana hatukufika kwa siku moja, na aliyetufikisha ni mimi.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru, na sisi tulikuwa tunakaa Temeke. Usifikirie Temeke ya leo. Ya wakati ule ilikuwa nyumba za udongo na makuti, nyingine zimeezekwa kwa madebe yaliyonyooshwa, na bomba moja la maji likigombewa na mtaa mzima. Mume wangu Salumu alifanya kazi bandarini. Aliondoka alfajiri kwa miguu na wenzake, akarudi jioni mabega yamechubuka. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa akipika vitumbua. Kila asubuhi alikaa barazani na jiko lake la mkaa, na makuli wa mtaa ule wote walipita kwake. Hawakufuata vitumbua tu. Walifuata na maneno yake. Alijua nani kaachwa, nani mkewe ana mimba, nani jana karudi akipepesuka, naye aliwasema usoni huku wanacheka, mafuta yanawatiririka vidoleni.

Shida yake ilikuwa magoti. Yalikuwa yamevimba, na asubuhi yalikataa kabisa kukunjuka. Baridi yabisi, watu walisema. Akitaka kuinuka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi ilibidi ashike ukuta, asimame kwanza, atoe pumzi, ndipo apige hatua. Wakati mwingine niliyasikia yakilia nikiwa upande wa pili wa ua. Nikimuuliza, "Mama, umeamkaje?" ananijibu, "Sijambo, mwanangu. Miguu tu ya uzee." Basi nami naridhika, najiendea zangu bombani.

Sasa sikiliza kosa langu. Siku moja kwenye foleni ya bomba nilimsikia mwanamke mmoja akiwaambia wenzake, bila kujua kuwa niko nyuma yake, "Yule mke wa Salumu mzima, ana nguvu zake, na bibi wa watu na magoti yale ndiye anayekaa motoni na vitumbua. Wanamtumikisha." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikarudi nyumbani na debe langu kichwani, hata sijalitua vizuri nikamwambia mama, "Kuanzia kesho hufanyi kazi yoyote. Umezaa, umelea, umechoka. Sasa kaa ule."

Akaniuliza, "Na mie nitafanya nini?"

"Utapumzika, mama."

Akasema, "Haya." Nikadhani ile ni furaha.

Nikamhamishia kitanda chumba cha ndani kabisa, kule ambako kelele hazifiki. Chuma cha vitumbua nikakipandisha darini. Chakula nikawa nampelekea kitandani, na maji ya kunywa namwekea mtungi kando, kata juu yake. Wanawake waliokuja kumjulia hali niliwaambia kalala, asisumbuliwe. Na sifa zikaanza. Msibani, harusini, popote nilipokanyaga: "Mkwe yule Mungu kampa Bi Mwanahawa. Hagusi hata kijiko." Mwanangu, kichwa kilinivimba. Nilikuwa natembea na kanga zangu najiona hakuna mwanamke kama mimi Temeke nzima. Nakwambia hivi usinihurumie, nataka uone nilivyokuwa.

Yeye huku akawa ananyauka. Kwanza aliacha kutoka nje. Kisha akaacha kusujudu, akawa anaswali amekaa kitandani, na baadaye sikumwona akiswali kabisa. Chakula akarudisha nusu, halafu akawa anaonja tu. Midomo ikampasuka. Maneno yakapungua, yeye ambaye alikuwa hanyamazi hata akimeza. Nikimuuliza ameamkaje, jibu lilikuwa lile lile, hajambo. Na ule mtungi niliokuwa naujaza mwenyewe, nikiuchungulia naukuta umejaa vile vile. Niliuona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliuona kwa macho yangu mawili, nikasema kumbe mama hana kiu, nikapunguza safari za bombani.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya kuniuliza mimi ni binti wa nani.

Jirani yetu, Mama Chausiku, alikuja mbio aliposikia kilio changu. Alimtazama mgonjwa, akanivuta uani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu ana pepo. Mwiteni mwalimu amfanyie kombe." Kombe labda umelisikia: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, na mgonjwa anakunywa maji yale. Mwalimu wa chuo chetu cha Korani akaja siku ile ile, mtu mpole, akaandika, akaosha, bakuli likajaa. Tukamnyanyua mama, mimi bega hili, Salumu bega lile, tukampelekea bakuli mdomoni.

Akafumba midomo. Tukambembeleza, akageuza uso. Salumu akamshika kidevu, kwa upole tu, na yule mama ambaye hata kijiko alikuwa hakiinui, alilipiga bakuli kwa mkono likaruka mpaka mlangoni. Kombe lote likamwagika sakafuni. Mama Chausiku akapiga yowe, "Mnaona! Mnaona! Pepo anakataa Kitabu!"

Nami niliamini. Mwalimu peke yake ndiye aliyesema, huku anakusanya vitu vyake, "Mpelekeni na hospitali pia." Hakuna aliyemsikiliza. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua kuwa ndani ya nyumba ya Salumu kuna pepo asiyetaka Korani.

Siku mbili baadaye mama alitoka uani kifua wazi na kichwa wazi, akimwita mumewe kwa jina. Bi Mwanahawa huyo, aliyekuwa hakanyagi hata barazani bila kujitanda! Nilimkimbilia nikamfunika kwa kanga yangu, nikageuka, nikamwona Salumu amesimama mlangoni. Alikuwa amerudi kazini wakati ule ule, na alikuwa ameona kila kitu. Aliegemea ukuta kama mtu aliyepigwa, akasema, "Basi. Mama yangu kaingiwa na wazimu. Nitampeleka bara."

Bara maana yake ilikuwa hospitali ya wenye wazimu, mbali huko, safari ya treni. Tulikuwa tunaisikia tu. Katika watu wa mtaa wetu waliopelekwa, sikuwa nimemwona hata mmoja aliyerudi. Sikumzuia. Ningesema nini, na mimi nilikuwa namwogopa? Ili kumpeleka huko ilitakiwa barua ya dispensari, basi asubuhi yake tukaazima mkokoteni, tukamtandikia godoro, tukamfunika, tukamsukuma. Nguo zake za safari nilikuwa nimeshazifunga kwenye kifurushi, nimezikunja vizuri kabisa.

Pale dispensari kulikuwa na dresa mmoja, Mkristo kutoka Upareni, jina lake Eliya. Dresa siku zile ndiye aliyefunga vidonda na kutoa dawa, daktari mwenyewe alipita siku moja moja. Salumu akamweleza kuwa mama ana wazimu na sisi tunataka barua. Bwana Eliya hakushika kalamu. Alimfunua mama magoti, akayapapasa taratibu, mama akakunja uso. Akamfinya ngozi ya nyuma ya mkono, akaiachia, na ile ngozi ikabaki imesimama pale pale ilipofinywa. Akamtazama ulimi. Halafu akanigeukia.

"Dada, mama anakunywa maji kiasi gani?"

"Namwekea mtungi mzima kila siku, bwana dresa."

"Sijauliza unamwekea kiasi gani. Nimeuliza anakunywa kiasi gani."

Ukanijia ule mtungi uliojaa vile vile.

"Na choo chenu kikoje?"

Salumu akawaka. "Choo? Mie nimekuja kwa ajili ya kichwa cha mama yangu, wewe unaniuliza choo?"

"Nijibu tu, ndugu yangu," akasema Bwana Eliya, wala hakupandisha sauti.

Nikamjibu mimi kwamba ni choo cha shimo, kipo uani, kama vyoo vya watu wote. Akaguna. Akamwita nesi, mama mtu mzima, akamnong'oneza. Nesi akaleta kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, akakiweka nyuma ya pazia. Kisha Bwana Eliya akainama karibu na sikio la mama mkwe wangu, nami niko pale nasikia kila neno.

"Shikamoo, mama. Kile kiti unakiona? Ndicho choo chetu hapa. Unakaa tu, huchutami. Na atakayekushika ni huyu mama mwenzako. Si mkweo, wala si mwanao."

Akampa kikombe cha maji.

Mama alikitazama kiti. Akatazama kikombe. Akakipokea kwa mikono yote miwili na akanywa, maji yakamshuka shingoni, akanywa mpaka kikombe kikawa kitupu, akakinyoosha aongezwe. Ikabidi Bwana Eliya amzuie, ampe kidogo kidogo kwa kijiko ili asinywe kwa pupa.

Nilikaa sakafuni pale pale mbele za watu. Lile kombe! Hakuwa amekataa Kitabu, hakukuwa na pepo wala nini. Aliona bakuli limejaa maji, na katika kuchanganyikiwa kwake kote, kitu kimoja alikuwa bado anakijua: akiyanywa yale, itambidi aende akachutame. Mama wa watu alikuwa anakufa kwa kiu ndani ya nyumba yangu, kando ya mtungi wangu uliojaa, na mimi nasifiwa mtaa mzima.

Bwana Eliya hakuandika barua. Alisema mwili ukikaukiwa maji kiasi kile, hasa mwili wa mzee, akili nayo hupotea njia, na mara nyingi mtu akinyweshwa akili hurudi. Akamlaza mama pale. Siku ya tatu nikaingia asubuhi, nikasema shikamoo kwa woga, akaniambia, "Marahaba, Zena. Mbona umekonda?" Nililia kwa sauti kubwa mpaka nesi akanitoa nje.

Alipopata nguvu nilimuuliza kwa nini aliacha kunywa maji. Tulikuwa wawili tu.

"Siku ile uliyokuwa unafua mashuka yangu," akasema. "Nilichutama, magoti yakafunga. Nikashika makuti ya ukuta niinukie, yakakatika. Nikaanguka pale pale chini, chooni, mwanangu. Nilikaa mpaka nikasikia adhana ya adhuhuri. Nikatambaa, nikajiinua kwa mlango. Nilikuwa nakusikia unaimba."

"Hukuniita!"

"Nikuite uje unione vile? Wewe mkwe wangu?"

"Ningekuja, mama."

"Najua ungekuja. Ndiyo maana sikukuita."

Mwanangu, kutoka pale nilipokuwa nafua mpaka mlango wa choo hazikuzidi hatua kumi.

Akaendelea, na hapa alikuwa anatazama dirishani, hanitazami mimi. "Nikasema nikiacha maji nitaacha na choo. Nikaona inawezekana. Halafu nikaanza kumwomba Mungu anichukue mapema. Vitumbua sipiki, watu siwaoni, nyie mnanilisha kama kuku wa kufungiwa. Nikajiuliza, mie nangoja nini?"

"Kwa nini hukumwambia hata Salumu?"

"Mwanangu wa kiume nimwambie habari za choo? Na wewe kila mtu anakusifu. Ningefungua mdomo ningekuvunjia jina lako."

Sikujua lipi lilikuwa baya zaidi, maji au hilo la kumwomba Mungu. Nilikuwa nalala ukuta wa pili, na mtu anaomba kufa, na asubuhi ananiambia hajambo, na mimi naitikia alhamdulillahi.

Nilipomsimulia Bwana Eliya alitikisa kichwa, hakushangaa. Alituambia mimi na Salumu kwamba magonjwa ni mawili na yamekaa pamoja. Maumivu ya kila siku yanautia moyo huzuni, na moyo wenye huzuni unamfanya mtu aache kutembea, aache kula, na maumivu yanazidi. Tukishughulikia goti tu tutarudi kwake, na tukishughulikia huzuni tu tutarudi kwake. Akatupa vidonge vya maumivu, vinywewe baada ya chakula na si ovyo ovyo. Akatufundisha kuyakanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, na mama akiwa amekaa anyooshe mguu mmoja, auache hivyo huku anahesabu, aushushe, kisha wa pili, asubuhi na jioni. Sie tulidhani goti bovu linataka kulala tu, kumbe kulala kule ndiko kulikozidi kuligandisha. Na mkongojo akasema ashike mkono wa upande wa goti lenye nafuu, si upande unaouma zaidi. Hilo nilimbishia mpaka nilipomwona mama anatembea nao.

Salumu aliomba ruhusa bandarini, akaleta mbao za makasha, akaunda kiti cha choo kwa mikono yake na vishikio huku na huku. Alipomaliza alikikalia mwenyewe kukijaribu, akafunika uso kwa mikono, nikamwacha. Tukainua jiko juu ya matofali, tukamtafutia mama kiti kirefu, akarudi barazani. Hakurudia kazi yote, nazi nilikuna mimi. Magoti hayakupona kabisa. Siku za mvua yalimtesa. Lakini makuli walirudi, na siku ya kwanza alimwambia mmoja wao kuwa kanenepa kama ngariba aliyealikwa vijiji viwili, watu wakacheka, nami nikaingia ndani nikalia tena. Aliishi mpaka akauona uhuru wa nchi.

Sasa nikwambie kitu kimoja ambacho kimenishtua upya, na hiki hata watoto wangu wa kuwazaa hawajakijua. Magoti yangu mimi nayo yameharibika. Majuzi tulialikwa harusini Kinondoni, na mimi tangu kulipokucha nilikuwa nafikiria choo cha nyumba ya watu kitakuwaje. Jua lilikuwa kali. Mchana binti yangu akaniinamia akaniuliza, "Mama, umekunywa maji?" Nikamwambia, "Nimekunywa, mwanangu, sijambo." Sikuwa nimekunywa hata tone. Mimi! Mimi niliyekaa sakafuni pale dispensari! Uongo ulinitoka laini kabisa, na binti yangu akaridhika, akaenda kucheza.

Ndiyo maana nakusemesha. Mzee wako akikwambia hajambo, usiondoke. Kaa. Uangalie mtungi, usiuangalie mdomo wake. Muulize anavyoinuka, anavyokwenda chooni, usiku analalaje, na kitu gani kinamfurahisha siku hizi. Akiona haya kwako, mtafutie wa rika lake amuulize. Usimpokonye kazi yote ukadhani unamheshimu. Muulize ipi anaitaka, umtafutie namna ya kuifanya amekaa. Goti likiuma mpeleke kwa wanaojua, usiseme ni uzee. Na akianza kunyamaza, au kuwachanganya watu, usikimbilie pepo wala wazimu kabla hujajua kama amekula, amekunywa, na kama bado anataka kuishi. Hilo la mwisho nalo muulize, kwa maneno hayo hayo. Halitamuua. Litakalomuua ni kutoulizwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na sifa za watu, akupe macho ya kuona wanaokaa nyumba moja na wewe. Akujalie uzee mrefu wenye heri, na siku utakaposema hujambo na si kweli, akupe mtu atakayekuuliza mara ya pili. Amina.